Mitishamba ya kutuliza wasiwasi: jinsi ya kuitumia bila kujidhuru

Mama mmoja wa makamo aliweka mfuko juu ya kaunta ya duka la dawa ninapofanyia kazi hapa Tanga. "Mwanangu, nitazamie hivi vitu. Kila nikipiga mswaki fizi zinatoka damu." Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya mafuta ya habbat soda, pakiti ya kamomili aliyoletewa na mwanawe kutoka Muscat, unga wa kahawia uliofungwa kwenye gazeti, na kikopo cha warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande aliyoandikiwa kliniki ya moyo.

"Mama, daktari wako wa moyo anajua kwamba unatumia na hivi vingine?"

"Hajaniuliza. Tena hizo ni za asili tu, zinanipunguzia wasiwasi usiku."

Kamomili ni mmea mpole. Habbat soda tunaitia hadi kwenye mkate. Lakini vyote viwili vinaweza kuipa warfarin nguvu kuliko daktari alivyokusudia, na damu ikawa nyepesi kupita kiasi. Nilimwandikia karatasi, akarudi kliniki siku hiyo hiyo kupimwa.

Mimi mwenyewe nakunywa mitishamba, na sijaandika haya ili mtu amwage ya kwake. Ninachoomba ni kwamba kitu unachokinywa ili kikubadilishe hali ukihesabu kuwa ni dawa, na dawa ina jina, kipimo, muda, na vitu visivyopatana nayo. Ukiukubali msimamo huo, hatua zilizobaki si ngumu.

Hatua ya 1: Hakikisha kinachokusumbua ni wasiwasi

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, usingizi kukimbia. Watu wengi wakipata hayo husema "nina mawazo" wakaenda kutafuta majani. Lakini wasiwasi una ndugu wengi wanaofanana naye sura. Tezi ya shingoni ikifanya kazi kupita kiasi huleta dalili hizo hizo, pamoja na kukonda huku unakula vizuri. Upungufu wa damu hufanya moyo upige kwa nguvu hata ukipanda ngazi chache. Mwenye kisukari sukari yake ikishuka hutetemeka na kushikwa na hofu ya ghafla.

Dawa nazo zinaweza kuwa chanzo. Pampu ya pumu yenye salbutamol huharakisha mapigo ya moyo. Efavirenz, iliyotumika miaka mingi katika matibabu ya VVU, iliwaletea baadhi ya watu ndoto mbaya na wasiwasi. Mefloquine ya kuzuia malaria ilipewa onyo kali kabisa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2013 kwa sababu ya madhara yake kwenye akili na neva. Kama dalili zako zilianza baada ya kuanza dawa fulani, rudi kwa aliyekuandikia, na usiiache kwa uamuzi wako peke yako.

Halafu kuna vile tunavyojitia wenyewe. Kopo la nusu lita la baadhi ya vinywaji vya kuongeza nguvu lina kafeini inayofika miligramu 160. Kijana wa bodaboda anayekunywa makopo mawili mchana, akaongeza vikombe vya kahawa kijiweni jioni, kisha akaniomba kitu cha kumtuliza usiku, simuuzii kitu. Namwambia apunguze kwanza. Miraa na muguka ni hivyo hivyo, maana kathinoni iliyomo huamsha mwili kama inavyoamsha hofu. Punguza kidogo kidogo kwa wiki mbili, kwa sababu ukikata kafeini ghafla kichwa kitauma na utadhani ugonjwa umezidi.

Ukishaondoa hayo yote na wasiwasi bado upo, upime. Vituo vingi vya afya hutumia dodoso la maswali saba linaloitwa GAD-7, linalouliza hali yako ya wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 21. Ukipata 10 au zaidi, muone mtaalamu kabla ya kununua chochote. Ukiwa chini ya hapo unaweza kuendelea na mwongozo huu. Andika alama zako na tarehe, zitakufaa baadaye.

Wako ambao hawapaswi kusubiri hatua nyingine yoyote. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au mawazo ya kujidhuru ni mambo ya hospitali leo hii. Hospitali ya wilaya au ya mkoa itakupokea, na kuna zilizobobea: Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi, Butabika Kampala. Kwenda huko si aibu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na tatizo la wasiwasi, na tiba zake zipo.

Hatua ya 2: Mwaga mfuko mezani

Chukua daftari. Andika kila kinachoingia mwilini mwako, si vidonge vya hospitali peke yake. Watu husahau vitu vilevile kila siku: kijiti cha uzazi wa mpango kilicho mkononi, dawa za mafua za kununua dukani, vidonge vya maumivu, dawa iliyobaki ya mwaka jana, mafuta ya habbat soda, unga wa mlonge kwenye uji, tangawizi na kitunguu saumu cha kumeza kila asubuhi, bia za Ijumaa. Yote yaandikwe. Kila kimoja weka kiasi na mara ngapi.

Orodha hii ndiyo kinga yako kubwa kuliko zote. Kwa miaka niliyokaa dirishani, mara chache sana nimeona mtu akidhuriwa na jani moja peke yake. Madhara mengi niliyoyaona yalitokea pale jani lilipokutana na kidonge ambacho aliyetoa jani hakujua kipo.

Hatua ya 3: Jiulize kama uko kwenye kundi la kusimama

Ukiwa mjamzito, unatafuta mimba au unanyonyesha, usianze dawa yoyote ya mitishamba ya wasiwasi bila kumuuliza mhudumu wa kliniki. Kikombe cha chai ya viungo ni chakula, lakini kapsuli ya dondoo, yaani nguvu ya mmea iliyokamuliwa na kukolezwa, si chakula tena. Watoto vivyo hivyo.

Mwenye ugonjwa wa ini asimame. Pia anayetumia dawa za kifua kikuu, kwa sababu isoniazid, rifampicin na pyrazinamide tayari zinalipa ini kazi kubwa, na kuliongezea mmea unaoliumiza ni kuliweka hatarini bila sababu. Mwenye kifafa anayetumia phenobarbitone au carbamazepine asimame pia. Aliyepangiwa upasuaji aache mitishamba yote wiki mbili kabla, na amwambie mtu wa usingizi alikuwa anatumia nini.

Hatua ya 4: Chagua mmea mmoja, unaoujua kwa jina

Mmoja. Zile chupa zenye "mchanganyiko wa miti 14" siziuzi wala sizishauri, kwa sababu ukipata nafuu hujui ni mti gani uliokusaidia, na ukivimba uso hujui ni upi uliokudhuru. Hii hapa ni mimea ninayoulizwa zaidi, na maoni yangu kwa kila mmoja.

*Mchaichai.* Ndio tuliokua nao, na nauheshimu. Lakini watafiti wa Brazil waliochapisha kazi yao mwaka 1986 waliwapa watu chai ya mchaichai na wengine chai isiyo na dawa, wakakuta haikutuliza wasiwasi wala kuleta usingizi kuliko ile ya bandia. Wala haikuwadhuru. Kwa hiyo unywe kwa moyo mweupe. Kukaa chini na kikombe cha moto badala ya simu nusu saa kabla ya kulala kuna faida yake, na mchaichai hauna kafeini. Ila usiupe kazi ya kuponya wasiwasi mkubwa.

*Kamomili.* Kati ya mimea yote ya kutuliza, huu ndio ninaouanzisha kwa mtu mwenye wasiwasi mdogo asiyetumia dawa nyingine. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilichapisha mwaka 2016 utafiti uliotumia dondoo ya kamomili miligramu 1,500 kwa siku, yaani 500 mara tatu. Haikuonekana wazi kwamba inazuia tatizo lisirudi, lakini walioendelea nayo walikuwa na dalili nyepesi kuliko walioachishwa. Angalia tofauti: hizo ni kapsuli za dondoo, wakati pakiti moja ya chai ina kiasi kidogo zaidi. Usitumie kama unapata mzio wa maua ya jamii ya alizeti na daisi, au kama unatumia warfarin.

*Lavenda.* Kuna kapsuli za mafuta ya lavenda zilizotengenezwa maalumu kwa kumeza, miligramu 80 kwa siku, zilizofanyiwa utafiti Ujerumani kwa watu wenye wasiwasi wa muda mrefu na zikaonyesha nafuu. Tatizo lake kubwa ni kucheua harufu ya maua. Tahadhari hapa ni moja tu, na tafadhali iweke akilini: chupa ndogo ya mafuta ya lavenda inayouzwa kwa kunukiza chumba au kukandia mwili si ya kunywa. Nimeshaulizwa ni matone mangapi yatiwe kwenye chai. Jibu langu: usitie hata moja.

*Ashwagandha.* Huu ndio unaovuma kwenye simu za vijana. Jina lake la kisayansi ni Withania somnifera, na pamoja na kuhusishwa zaidi na India, unaota porini hata huku kwetu Afrika Mashariki. Tafiti ndogo za wiki sita hadi nane zimeonyesha kwamba mizizi yake inaweza kupunguza msongo. Lakini kuna taarifa za watu walioumia ini, kwa kawaida kati ya wiki ya pili na ya kumi na mbili. Unaweza pia kupandisha homoni za tezi ya shingoni. Mwaka 2023 Denmark iliupiga marufuku kwenye virutubisho. Kwangu mimi, mwenye tatizo la tezi, ini, au ujauzito asiuguse kabisa, na aliye mzima asiuzidishe miezi miwili hadi mitatu. Na usichimbe mwenyewe mmea unaofanana na wa kwenye picha. Familia yake ni ile ya mnyanya, na ndugu zake wengine ni sumu.

*Pesheni.* Hapa kuna mkanganyiko wa jina. Mmea uliofanyiwa utafiti wa wasiwasi ni Passiflora incarnata. Tunda tunalosaga juisi, ambalo wengine huliita karakara, ni Passiflora edulis. Ni ndugu, lakini si mtu mmoja, na majani ya mpesheni wa nyuma ya nyumba hayawezi kuchukua nafasi ya dawa hiyo. Utafiti wa Iran wa mwaka 2001 uliilinganisha na oxazepam, dawa ya kutuliza ya hospitali, na matokeo yakakaribiana, ila walioshiriki walikuwa 36 tu. Huleta usingizi.

*Valeriani.* Zaidi ni ya usingizi kuliko wasiwasi, na tafiti zake zinapingana. Usiendeshe chombo baada ya kuimeza.

*Kungumanga.* Kwa ndugu zangu wa Unguja, Pemba na mwambao mzima, naomba tukae hapa kidogo. Kungumanga inatiwa kwenye uji, kwenye kahawa, kwenye vitumbua, na kwa kiasi hicho cha mpishi haina neno. Tatizo ni ule ushauri wa kukwangua nzima na kuinywa ili ulale fofofo. Ina kemikali inayoitwa miristisini. Kuanzia kama gramu 5, ambazo kungumanga moja nzima inaweza kufikia au kupita, watu wamepata sumu: kutapika, moyo kwenda mbio, kinywa kukauka, kuona visivyokuwepo, na hofu kubwa kuliko ile waliyotaka kuitibu. Jambo baya zaidi ni kwamba dalili huchelewa saa tatu hadi sita. Mtu akiona kimya hudhani kiasi hakikutosha, akaongeza. Usiitumie kama dawa ya wasiwasi.

*Kava.* Ni mzizi wa visiwa vya Pasifiki kama Fiji na Vanuatu, ambako hunywewa kwa heshima kwenye baraza tangu enzi. Unatuliza kweli. Lakini mwaka 2002 mamlaka ya Marekani iliwaonya watu kuhusu kuharibika ini kutokana na bidhaa zake, na Uingereza ikaipiga marufuku mwaka uliofuata. Ikija kwenye mzigo kutoka nje, iache.

*Hypericum.* Pakiti zake huandikwa St John's wort. Huu naueleza kwa kirefu kwa sababu ndio ulio hatari zaidi kwa watu wa huku kwetu, na watu huletewa na jamaa walio Ulaya na Marekani wakiwa na nia njema kabisa. Ushahidi wake ni wa huzuni nyepesi na ya wastani, si wa wasiwasi. Ukiingia mwilini, unaliamsha ini livunje dawa nyingine haraka kuliko kawaida. Mwaka 2000 watafiti Marekani walionyesha kwamba uliipunguza indinavir, dawa ya VVU ya wakati ule, kwa zaidi ya nusu kwenye damu. Siku hizi wenye VVU wengi huku kwetu hutumia kidonge kiitwacho TLD, chenye dawa ya dolutegravir, nayo pia hupunguzwa. Dawa ikipungua, virusi hupata nafasi ya kuzaliana na kujenga usugu. Mtu anakunywa ARV zake kila siku kwa saa ile ile, hajakosa hata siku moja, na wingi wa virusi unapanda kwa sababu ya kikopo cha mitishamba ambacho hakuna aliyemuuliza.

Uzazi wa mpango nao. Mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilionya kuwa mmea huu unaweza kudhoofisha vidonge vya homoni na vijiti, baada ya kupata taarifa za wanawake waliopata mimba wakiwa na vijiti mkononi. Warfarin hupungua nguvu. Dawa za waliopandikizwa figo hupungua nguvu. Ukichanganywa na fluoxetine, sertraline au dawa nyingine za jamii hiyo, mwili unaweza kujaa serotonini, kemikali ya ubongo, kupita kiasi: kutetemeka, jasho, homa, kuchanganyikiwa. Ukiwa na dawa yoyote ya kudumu kwenye orodha yako ya hatua ya pili, mmea huu usiuguse.

Hatua ya 5: Nunua mahali unapoweza kurudi

Muuzaji wa stendi anayepanda basi la Arusha na kipaza sauti, akashuka Segera, hutampata tena ukiumwa. Nunua kwa mtu mwenye duka, kibali na jina. Tanzania tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria Namba 23 ya mwaka 2002, linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Mganga halali hatachukia ukimuomba namba ya usajili. Kenya ulizia usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, Uganda ulizia wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa.

Zinazotoka nje zina mambo yake. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, kirutubisho kinaingia sokoni bila serikali kukithibitisha kwanza kama kinafanya kazi. Tafuta alama ya wapimaji huru kama USP au NSF, inayoonyesha kuwa kilichoandikwa ndicho kilichomo. Uingereza kuna alama ya THR yenye jani. Hiyo inamaanisha ubora umekaguliwa na matumizi ya jadi yanatambuliwa, haimaanishi imethibitishwa kuponya.

Kwenye kopo soma jina la kisayansi la mmea, sehemu iliyotumika (mzizi, jani au ua), miligramu kwa kila kapsuli, namba ya toleo na tarehe ya mwisho. Kikikosekana kimojawapo, rudisha. Unga usio na jina ndani ya gazeti, kama ule wa yule mama, hakuna mfamasia wala daktari atakayeweza kukusaidia nao ukikudhuru.

Na hapa niseme jambo linaloniumiza. Ukimeza dawa "ya asili" na ndani ya nusu saa ukalegea, ukasahau shida zote, ukalala kama gogo, usishangilie. Mimea mingi ya kutuliza hufanya kazi taratibu, kwa siku na wiki. Mwaka 2002 bidhaa mbili za mitishamba zilizouzwa Marekani, PC-SPES ya wagonjwa wa tezi dume na ndugu yake SPES, ziliondolewa sokoni baada ya kupimwa: ya kwanza ilikutwa na warfarin, ya pili na alprazolam, dawa ya kutuliza ya hospitali inayoleta utegemezi. Waliokuwa wakizinywa waliamini wanakunywa majani matupu.

Hatua ya 6: Anza kidogo, andika

Anza siku ambayo kesho yake huna safari wala mtihani. Meza jioni, nusu ya kipimo cha kwenye kopo, kwa siku tatu za mwanzo. Usiendeshe pikipiki wala mashine mpaka ujue inakufanyaje. Hakuna pombe. Usiichanganye na diazepam, amitriptyline, wala vidonge vya mafua vinavyolewesha kama Piriton, maana usingizi juu ya usingizi hufika mahali pumzi yenyewe inapungua.

Mwenye kisukari au presha, pima mara nyingi zaidi kuliko kawaida wiki mbili za kwanza. Habbat soda na mlonge vinaweza kushusha vyote viwili, na mtu aliyeshukiwa na sukari hutetemeka na kuogopa, akadhani wasiwasi umerudi, akaongeza kijiko.

Kila usiku mistari mitatu kwenye daftari inatosha: nilimeza nini na saa ngapi, nililala saa ngapi, wasiwasi wa leo kati ya 0 na 10. Baada ya wiki nne jibu tena yale maswali saba. Usibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Kama wiki hiyo hiyo umeacha kahawa, umeanza kutembea jioni na umeanza kamomili, hutajua cha kushukuru.

Hatua ya 7: Zijue dalili za kuacha

Macho kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kupauka, mwili kuwasha bila upele, maumivu chini ya mbavu za kulia, uchovu na kukosa hamu ya kula. Hilo ni ini. Acha siku hiyo, nenda ukapimwe. Usiseme "dawa inatoa sumu mwilini". Nimesikia waganga wakiwaambia watu maneno hayo huku macho ya mgonjwa yanazidi manjano.

Midomo au uso kuvimba, koo kubana: hospitali mara moja. Damu kwenye fizi, michubuko isiyo na sababu, choo cheusi kama lami: hospitali. Wasiwasi kuzidi badala ya kupungua ni sababu ya kutosha ya kuacha pia.

Ukienda, beba kopo lenyewe na mabaki yaliyomo. Neno "mitishamba" peke yake halimsaidii daktari, na jina kwenye kopo linaweza kuokoa saa nzima ya kubahatisha.

Hatua ya 8: Mwambie daktari, hata kama hakuuliza

Najua kwa nini watu hunyamaza. Wamewahi kufokewa. Yule mama aliniambia baadaye kwamba kuna mahali aliwahi kutaja dawa ya mizizi, akachekwa mbele ya wagonjwa wengine, na tangu siku hiyo akaapa kutosema tena. Waliomcheka walimfunga mdomo, na kufunga huko ndiko kulikomfikisha kwenye fizi za damu. Wenzangu wa sekta ya afya, tuulize bila kukunja uso.

Na wewe mgonjwa, rahisisha. Huhitaji kujieleza wala kuomba radhi. Weka daftari mezani useme: "Daktari, hivi ndivyo vyote ninavyotumia, na hivi vya chini ni vya mitishamba. Kuna kisichopatana na dawa ulizoniandikia?" Muombe aandike jibu kwenye kadi ya kliniki. Akikosa jibu, pita kwa mfamasia. Ndiyo kazi yetu, na swali hilo halilipiwi.

Hatua ya 9: Ukifika wiki ya nane, amua

Linganisha alama za mwanzo na za sasa. Zikiwa zimeshuka na huna dhara lolote, punguza kipimo taratibu uone kama nafuu inabaki. Zikiwa pale pale, mmea huo haujakufaa. Usirukie wa pili, wa tatu na wa nne mwaka mzima huku wasiwasi unakula kazi yako na ndoa yako. Muone mtaalamu, kwa sababu mazungumzo ya tiba na dawa kama fluoxetine yana ushahidi mkubwa kuliko jani lolote nililolitaja. Dua na sala endelea nazo, havigombani na kliniki.

Kama tayari uko kwenye dawa ya hospitali ya wasiwasi, usiiache ghafla ili uhamie kwenye mitishamba. Diazepam iliyotumika muda mrefu ikikatwa ghafla inaweza kuleta degedege, na hupunguzwa kwa ratiba ya daktari.

Kuacha mmea nako kuna hesabu yake. Aliyezoea kamomili au habbat soda akiwa kwenye warfarin, siku anapoacha damu inaweza kuanza kuganda haraka zaidi, hivyo apimwe upya. Aliyekuwa akitumia Hypericum ahesabu wiki mbili tangu kidonge cha mwisho kabla ya kuanza fluoxetine, na kwa wiki nne tangu kidonge hicho bado asitegemee kijiti wala vidonge vya uzazi wa mpango peke yake. Tarehe ya kidonge hicho cha mwisho iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, juu kabisa.